Ng'ombe Mmoja, Wimbo wa Mwingine

Aluel Thiik hakumwamini mtu. Ukimwandalia chai atakitazama kikombe kwanza, kisha akutazame wewe, ndipo anywe, tena kwa mafunda madogo. Mumewe alizoea kusema kwamba siku Aluel atakapokufa, malaika watakaokuja kumchukua wajiandae kuonyesha vitambulisho. Mwenyewe hakukasirika. "Wengi waliokufa nchi hii," alijibu, "walikufa kwa kuamini."

Kwa kazi aliyopewa mwaka ule, tabia hiyo ilikuwa mtaji. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Nyota Mpya lilikuwa limekodi nyumba ya vyumba vinne hapo Juba, na katika chumba cha nyuma, kando ya jenereta linalokohoa, Aluel alikaa na vipokea sauti masikioni akiyageuza maneno ya Kidinka kuwa Kiingereza ili wageni wayasome chini ya picha. Nchi yenyewe ilikuwa haijafikisha hata umri wa kuoa. Dunia ilikuwa imeisikia kwa bunduki tu, na wakubwa walitaka sasa isikike kwa jambo jingine: ngoma, mieleka, ng'ombe. Mabalozi walikuwa wamealikwa. Waziri alikuwa amealikwa. Hata mapazia yalikuwa yamefuliwa.

Jumatatu aliletewa filamu ya ufunguzi. Ilikuwa imepigwa na Ajang Wol, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekulia Melbourne, mwenye Kidinka cha jikoni: alijua kuomba chakula na kutukana, basi. Filamu ilihusu kambi moja ya ng'ombe ng'ambo ya mto. Moshi wa mavi ya ng'ombe, watoto wenye majivu usoni, mambo ambayo Aluel aliyajua tangu hajajua kuhesabu. Alikuwa akiandika huku anapiga miayo.

Katikati ya filamu akatokea mzee mwembamba ameshika kamba ya maksai. Alitembea naye taratibu, mkono mmoja ameuinua kama pembe, na sauti yake ikaimba: Makuei wangu, mweusi mwenye kichwa cheupe, uliyenipeleka kwa wasichana nikapokelewa.

Aluel akaacha kuandika. Akarudisha picha nyuma. Akatazama tena.

"Ala!" akasema peke yake, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

Maana maksai yule hakuwa mweusi, wala kichwa chake hakikuwa cheupe. Alikuwa wa milia, kahawia na nyeusi, kutoka shingoni hadi mkiani. Yule ni Mangar. Mtoto wa miaka mitatu angekwambia. Na mtu hamshiki kamba Mangar akamwimbia Makuei. Ni kumwita mkeo kwa jina la mke wa jirani, tena mbele ya wakwe. Ukumbi mzima ungeangua kicheko, na mabalozi wangebaki kuulizana kinachochekesha ni nini.

Alikuwa bado anacheka alipoziona pembe vizuri. Ya kulia ilirudi nyuma. Ya kushoto ilikuwa imefunzwa kuja mbele hadi karibu ya jicho. Na sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili, na ncha yake haikuwapo, pale mbwa alipoing'ata.

Mbwa wa kwao. Aluel mwenyewe ndiye aliyempiga mbwa yule kwa mwiko.

Kicheko kikamkauka mdomoni. Maksai aliyekuwa mbele yake alikuwa wa Majur, mdogo wake, ambaye miaka minane nyuma, masika ya tatu ya vita, aliondoka na ng'ombe kumi na mmoja kutafuta malisho, na asirudi. Wala yeye, wala ng'ombe, wala neno. Mama yao alikataa matanga yasiwekwe. "Mnamlilia nani? Nionyesheni kaburi." Na kwa kuwa hakuna matanga, hakuna aliyeweza kuoa mke kwa jina la Majur, ili jina lipate watoto, kama inavyopasa kwa kijana aliyekufa bila kuacha kitu. Utamwolea vipi mtu ambaye pengine kesho atabisha hodi? Majur alikuwa amekwama huko, si hai si maiti, na ukoo mzima umekwama naye.

Mdogo wao wa mwisho, Kuot, ndiye pekee aliyekuwa na uhakika. Alisema watu wa ng'ambo ya mto walimwua Majur wakachukua ng'ombe. Alisema ushahidi anao. Na alikuwa ameapa, mbele ya mama, kwamba mkono utakaoonekana umeshika kamba ya Mangar hautashika kamba nyingine.

Aluel akamtazama tena mzee yule kwenye kioo. Alikuwa ameshika kamba kwa mkono wa kulia. Machale yakamcheza. Akaizima kompyuta, akaenda kumtafuta Ajang.

Alimkuta kwa mama wa chai, nje ya geti, anakunywa chai ya tangawizi huku jasho linamtoka.

"Mwanangu Ajang," akamwambia kwa upole ambao waliomjua wangeukimbia, "yule mzee wa maksai ni nani?"

"Mzee Dut. Mtu mzuri sana, shangazi. Tunamleta kwa ndege Jumamosi. Atakaa mstari wa mbele, pembeni ya waziri!"

"Mh. Na aliimba nyimbo ngapi?"

Ajang akapuliza chai ambayo haikuhitaji tena kupulizwa. "Kwa nini?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

"Mbili hivi. Sikumbuki."

"Hukumbuki! Wimbo uliouweka ni wa ng'ombe mwingine. Mzee mwenye akili zake hawezi kusimama na Mangar akamwimbia Makuei. Kwa hiyo siku ile, na maksai yule, aliimba wimbo mwingine. Uko wapi?"

Kijana akatazama chini. "Ulikuwa mrefu, shangazi. Majina matupu, fulani mwana wa fulani. Mhariri wangu wa kule alisema watazamaji watalala. Tukatafuta mwingine, mfupi, mtamu. Ng'ombe ni ng'ombe."

"Ng'ombe ni ng'ombe," Aluel akarudia. "Ulinyonya ziwa gani wewe? Niletee huo wimbo."

"Diski iko hotelini. Nitaangalia."

Jumanne hakuileta. Jumatano akasema diski imegoma. Aluel hakuamini hata herufi moja. Kichwani mwake aliona mambo: kijana amelipwa, mzee amelipwa, wimbo umefichwa kwa kuwa ndani yake mna kujigamba. Maana wezi wa ng'ombe huimba pia. Huimba waliyemwua, na jinsi alivyoanguka. Kila akifumba macho alimsikia mzee yule akilitaja jina la Majur kwa majivuno.

Hakumwambia Kuot. Lakini siri za mjini hubandikwa ukutani. Jumatano jioni mabango ya tamasha yalitoka kiwandani yakapigwa gundi kila kona ya soko, na katikati ya bango, kwa rangi zote, hakuna mwingine ila Mangar na pembe yake ya mbele ya jicho.

Alhamisi asubuhi Kuot aliingia ofisini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miaka thelathini mwenye mabega ya kubeba geti peke yake. Kwapani alikuwa na bango, limechanwa, gundi bado mbichi. Akalitandaza juu ya kibodi ya Aluel.

"Dada, huyu ni nani?"

"Ng'ombe."

"Usinichezee."

"Kuot, kaa kwanza."

"Sikai. Na huyu mkono?" Akaweka kidole juu ya kamba, pale picha ilipoukata mkono wa mzee. "Mkono wa nani? Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Siku nne! Mama anakula, unamtazama, unanyamaza?"

"Nilitaka nijue kwanza. Mtu aliyeua hafugi ushahidi miaka minane, Kuot. Angekwisha kumchinja au kumtoa mahari. Hilo halikushangazi?"

"Mwenye kiburi hufuga." Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo Aluel alipoogopa. "Pale getini wanasema mzee anakuja Jumamosi. Kwa ndege. Atakaa mbele."

"Nani kakwambia?"

"Mama wa chai. Mji mzima unajua, ni wewe tu unayejifanya mlinzi wa siri. Ile tiketi uliyonipa ninayo bado. Nitakuja kuangalia utamaduni wetu."

Akatoka. Aluel akalikunja lile bango. Kisha akanyanyuka, akapanda bodaboda hadi hotelini kwa Ajang, akagonga mlango kwa ngumi.

"Diski," akasema ulipofunguliwa. "Sasa hivi. Usinipe hadithi, maana kuna mtu atakufa Jumamosi, na damu yake nitakupaka wewe."

Kumbe diski haikuwa imegoma. Ilikuwa ndani ya soksi, kwenye begi. Ajang hakuwa amelipwa na mtu. Alikuwa anaona haya tu, haya ya mtoto anayejua kwamba amekosea kitu cha kwao na hajui ni kitu gani. Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Wakakaa kitandani wote wawili, wakatazama.

Mzee Dut alisimama na Mangar. Akakohoa. Akaimba, na wimbo wake haukuwa na mbwembwe.

Mangar wa milia, kamba yako si yangu, mimi ni mshikaji tu. Alikuleta Majur, mwana wa Thiik Ayuel wa Pan-Ater. Mama yake ni Nyanluak, dada yake Aluel, mdogo wake Kuot. Alinitajia usiku kucha ili nisisahau. Homa ilimshika zizini kwangu. Nilimpa maziwa akayakataa. Nilichinja mbuzi, nilichinja dume, homa ikanishinda. Nimemlaza mashariki ya zizi, nimemzungushia miba, fisi hajamgusa. Ng'ombe wake kumi waliliwa na vita, nimebaki na wewe.

Aluel alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Miaka minane! Machozi yalimtoka bila sauti, na ndani ya machozi mlikuwa na kitu alichokionea aibu, nacho ni nafuu. Majur hakuuawa. Alikufa amelala, kuna mtu akimnywesha maziwa. Mzee akaendelea.

Nilimtuma mwanangu Ngor awape neno, risasi zikamrudisha. Nilimtuma mwanangu Achuil, nikamvisha shingoni kengele ya Mangar, ili watu wa Thiik waione, waijue, wamwamini. Achuil hakurudi. Mangar, mlilie mwenzako aliyebeba sauti yako.

Machozi yakakatika, kama mtu amefunga bomba.

Kengele ile Aluel aliijua. Ilikuwa ya chuma, na mdomo wake umepinda, na tangu miaka minane ilining'inia kwenye msumari nyumbani kwa mama yao. Kuot ndiye aliyeileta. Mwaka ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye bunduki, akilinda kivuko pamoja na wenzake. Alirudi alfajiri moja, akaiweka kengele mapajani mwa mama, akasema: nimeikuta kwa mmoja wao. Ndio waliomwua. Hakusema aliikuta vipi, wala hakuna aliyemwuliza. Hata Aluel, anayewauliza malaika vitambulisho, hakuuliza.

Kumbe ule ndio ushahidi.

"Shangazi?" Ajang alikuwa anamtazama. "Kuna nini? Nimesikia majina tu."

"Ndiyo," Aluel akajibu. "Majina tu."

Kwenye kioo wimbo ulikuwa umekwisha, lakini kamera ilikuwa haijazimwa. Mzee Dut aliuliza kitu, na sauti ya Ajang nyuma ya kamera ikajibu kwa Kidinka kibovu: ndiyo, ndiyo, dunia nzima itasikia. Mzee akatikisa kichwa. "Siulizi dunia," akasema. "Nauliza watu wa Thiik. Watasikia? Na aliyemwona Achuil aniambie alipoanguka. Sitaki damu. Nataka mifupa yake."

Ajang ndiye aliyeomba Aluel amtafsirie hayo ya mwisho, na alipotafsiriwa akainama, akalia kwa kwikwi.

"Baadaye utalia," Aluel akamwambia. "Kwanza urudishe wimbo."

Ijumaa ilikuwa ya Mama Jokudu. Huyu ndiye mkurugenzi wa tamasha, mwanamke wa kabila la Wabari mwenye simu tatu na usingizi wa saa tatu, na aliposikia kwamba filamu ya ufunguzi itaongezwa dakika nne alisimama wima.

"Wizara imeshaitazama ikaipitisha! Nyinyi mnataka kuniua?"

"Ni wimbo tu, Mama."

"Wimbo! Una majina ya koo ndani? Una vita ndani? Aluel, mimi si mjinga. Mnaniletea mambo yenu ya mto mbele ya mabalozi, halafu nani ataitwa kuulizwa? Mimi."

"Usipouweka," Aluel akasema, "ndugu yangu atamwua yule mzee mbele ya mabalozi hao hao. Chagua litakalokupa maswali machache."

Mama Jokudu akaketi. "Nitaita askari."

"Ita. Na Jumapili? Na mwezi ujao? Askari wako watalala naye huko zizini?"

"Na ukimwambia tu?" Mama Jokudu akauliza, taratibu sasa. "Huyo ndugu yako. Mwonyeshe."

Aluel alikuwa amekwisha kujaribu. Usiku wa Alhamisi alikuwa amempigia Kuot mara sita, na mara ya saba akapokea. Alimweleza kwamba kuna wimbo, kwamba Majur alikufa kwa homa. Kuot alicheka kicheko kibaya. "Mashine zenu zinaweza kumfanya mbuzi aseme Kiingereza, dada. Mtu anaimba chumbani na kijana wa Melbourne, mimi niamini? Wimbo ni mbele ya watu. Akiimba mbele ya watu, nitamsikia. Baada ya hapo nitajua la kufanya." Akakata.

Na habari ya kengele Aluel hakumwambia. Hakumwambia mtu. Alijilaza akigeuka huku na huku. Ubeti ule wa Achuil angeweza kuutoa. Sekunde arobaini, Ajang angekata bila hata kuuliza. Kuot angesikia homa, maziwa, miba, angetulia, na siri ya kivukoni ingebaki kwa mwenye nayo na dada yake. Mara mbili alikaribia kumwambia Ajang akate. Mara mbili akaona mzee yule, anayelala kila usiku hajui mwanawe ameanguka wapi, kama mama yao. Angekula vipi na mama? Angemtazama vipi?

"Uweke wote," alimwambia Ajang Ijumaa usiku. "Usiguse hata pumzi."

Jumamosi mvua ilinyesha, ndege ikachelewa, na Mzee Dut aliletwa ukumbini saa kumi na robo, moja kwa moja kutoka uwanjani, viatu vya kuazima miguuni, watu wa itifaki wamemzunguka kama amekamatwa. Aluel hakupata hata nafasi ya kumpa mkono. Waziri alikuwa bado njiani. Kiti chake kilikuwa na karatasi yenye jina, na mzee akaketishwa kiti cha pembeni. Alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Alikuwa akigeuzageuza shingo kuuangalia umati uliojaa nyuma yake, akitafuta kitu kwenye nyuso.

Mlango wa mbele kila mtu alipekuliwa. Aluel alisimama hapo hadi taa zikaanza kufifia, na Kuot hakupita. Ndipo akakumbuka nani alichomelea mlango wa nyuma. Akakimbia. Alimkuta tayari ndani, kwenye kijia cha pembeni, mistari sita tu kutoka mbele, amevaa koti kwenye joto la kuoka mkate.

Akamkumbatia. Dada kumkumbatia mdogo wake, nani atashangaa? Chini ya koti, ubavuni, mkono wake ukagusa kitu kigumu, kirefu.

"Mwana wa mama," akamnong'oneza. "Umesema mbele ya watu. Hawa hapa watu. Msikilize kwanza."

"Nitamsikiliza," Kuot akasema, bila kumtazama. "Toa mkono."

Hotuba ziliwekwa kiporo kumngoja waziri. Filamu ikaanza. Moshi, majivu, watoto. Wageni wakatoa sauti za kupendezwa. Aluel hakutazama kioo. Alitazama uso wa Kuot, ukipakwa mwanga na kivuli. Alipotokea Mangar, watu wa nyumbani waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele, na taya la Kuot likakaza.

Mzee akaimba. Kamba yako si yangu. Alikuleta Majur, mwana wa Thiik Ayuel.

Minong'ono ilipita ukumbini. Kuot hakutikisika. Mama yake ni Nyanluak. Dada yake Aluel. Mdogo wake Kuot. Aluel aliona mkono ulioingia kotini ukisimama humo humo. Homa. Maziwa. Mbuzi, dume. Kaburi, miba. Kuot akaanza kupumua kwa mdomo, kwa nguvu, na macho yakamjaa. Aluel alitaka sana wimbo uishie hapo. Mungu angezima jenereta, angemshukuru mpaka kufa.

Nilimtuma mwanangu Achuil, nikamvisha shingoni kengele ya Mangar.

Kuot akatoa mkono kotini. Ulikuwa mtupu. Akautazama kama hajui ni wa nani.

Ili watu wa Thiik waione, waijue, wamwamini.

"Dada," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Alikuwa ameinua mikono. Aliinua mikono, akaitikisa kengele. Nikadhani anatukejeli."

Aluel akamshika mkono ule, na ulikuwa wa baridi.

Mbele, kwenye kioo, wimbo ukaisha na mzee akauliza swali lake, na kwa kuwa Aluel ndiye mfasiri, wageni walilisoma chini ya picha kwa Kiingereza sawasawa: Siulizi dunia. Nauliza watu wa Thiik. Aliyemwona Achuil aniambie alipoanguka. Ajang alikuwa ameacha kimya baada ya hapo, picha ya Mangar anacheua, hakuna sauti.

Ndani ya kimya hicho Kuot akajinasua.

"Usiende," Aluel akasema, maana wasiwasi wake wote ulirudi kwa mkupuo: pengine bado ataua, pengine atajiua, pengine wataanza watu wa ng'ambo waliokaa kule kulia. Kuot alikwisha kutoka kwenye kijia. Akasimama katikati, mwanga wa projekta ukampiga kifuani, milia ya maksai ikamtambaa kwenye koti.

"Mimi ni Kuot wa Thiik," akasema kwa Kidinka, akakwama, akaanza upya. "Baba. Mimi nilimwona Achuil."

Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho. Mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, kisha wakaona hakuna mwenyeji hata mmoja anayepiga, makofi yakafa. Mama Jokudu alikuwa amesimama ukutani, simu zote tatu mkononi, hampigii mtu. Kule kulia vijana wawili waliinuka. Mzee Dut akanyanyua kiganja bila kugeuka, wakaketi.

Kisha akageuka. Alimtazama Kuot muda mrefu, kuanzia miguuni hadi usoni.

"Wewe ndiye uliyemwona wa mwisho?"

"Mimi ndiye," Kuot akasema. Alikuwa analia waziwazi sasa. "Ni mimi, baba. Ni mkono huu."

Mzee akainamisha kichwa. Aluel aliona mabega yake yakipanda na kushuka, mara moja, mara ya pili. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua karatasi ya jina la waziri kutoka kwenye kiti cha pembeni yake, akaikunja, akaiweka sakafuni.

"Njoo ukae hapa uniambie," akasema. "Sisikii vizuri kwa mbali."